Neno la Siri la Mama Sweta

Umeme ulikatika wakati Mama Sweta anamjibu mwalimu mkuu mmoja aliyetaka masweta ya kijani yenye mistari miwili shingoni. Hakushtuka. Umeme kukatika mtaani kwao lilikuwa jambo la kila siku kama jogoo kuwika. Betri ya kompyuta yake ya kukunja ilishakufa siku nyingi, kwa hiyo mashine ilizimika hapohapo, barua ikiwa nusu. Aliinuka akaenda kuanua nguo, akijua kwamba umeme ukirudi ataendelea alipoishia.

Umeme ulirudi, kompyuta ikawaka vizuri, ila programu ya barua pepe ikakataa kufunguka. Badala yake kilitokea kisanduku kidogo chenye maneno machache yaliyosema kwamba wasifu wake haukuweza kupakiwa, huenda haupo au haufikiki. Mama Sweta alivaa miwani akayasoma tena. Kwa alivyojua yeye, wasifu ni kile kinachosomwa msibani: marehemu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi. Alikifunga kile kisanduku haraka, kama mtu aliyeona jina lake kwenye jeneza la mwenziwe.

Alijaribu tena, na tena. Maneno yakawa yaleyale.

Kazi yake ilikuwa kufuma masweta ya shule. Zamani alikuwa karani mchapaji ofisini. Alipostaafu alinunua mashine ya kufumia, kisha ya pili, akaziweka sebuleni, viti vya wageni vikasogezwa mpaka ukutani. Shule zilimtumia maagizo kwa barua pepe: rangi, idadi, vipimo vya kila darasa. Wenzake wa rika lake waliandikiana kwa simu, vineno viwili na kikatuni. Yeye alipenda barua yenye salamu, mwili na hitimisho, na alipenda kuziona zimepangwa kwenye kompyuta, kila shule na folda yake. Hakuwahi kuchapisha hata moja kwenye karatasi. Kila kitu kilikuwa mle ndani, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Mle ndani pia kulikuwa na barua alizomwandikia mdogo wake wa kike, aliyeolewa mbali. Kwa mdogo wake Mama Sweta hakuficha kitu: mguu unaouma, jirani anayeazima vitu bila kurudisha, na kwa kirefu zaidi, mkwe.

Sasa, huyo mkwe ndiye aliyekuwa akitunza kompyuta za hospitali kubwa ya mjini. Mtu mwingine yeyote angesema Mungu kampa. Lakini Mama Sweta alipofikiria mkaza mwana wake ameketi mbele ya ile kompyuta, akifungua folda moja baada ya nyingine, aliona heri aitengeneze mtu baki. Akakata shauri kwamba mwanawe asiambiwe kitu, kwa kuwa mwanawe akijua asubuhi, mkewe atajua kabla ya chai.

Aliichukua kompyuta akaipeleka kwa fundi wa simu wa pale pembeni. Fundi yule alikuwa mtu wa mikono mepesi na maneno mengi. Aliisikiliza shida kabla haijamalizwa kuelezwa, akaiondoa ile programu, akaiweka mpya, akamgeuzia kioo. Kweli ilifunguka. Ilifunguka tupu, nyeupe, ikimkaribisha na kumuuliza yeye ni nani na anwani yake ni ipi. Mama Sweta aliuliza barua ziko wapi. Fundi akasema hizo zimekwenda na maji, na maji yakimwagika hayazoleki, ila sasa ana programu safi kabisa, toleo la mwaka huu.

Alirudi nyumbani akaiweka ile kompyuta kwenye kona bila kuikunja, na kwa siku kadhaa akaifanya meza ya kuwekea mikono ya masweta. Alijaribu kukumbuka vipimo kwa kichwa. Vya shule moja alivikumbuka, vya nyingine vikachanganyikana. Alifikiria kuwapigia simu walimu wakuu wote na kuwaambia watume upya, akaona aibu. Mtu aliyeaminiwa kwa miaka mingi hawezi kuanza kuuliza wateja wake walimwagiza nini.

Mwanawe ndiye aliyegundua. Alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu wa mizaha, anayeingia nyumbani kwa mama yake akianza na kicheko kabla ya hodi. Siku hiyo alikuta mashine zote mbili zimenyamaza na mama yake ameketi katikati yake na mikono mapajani. Kuulizwa mara moja tu, Mama Sweta akamwaga yote, isipokuwa sababu ya kutomwita mkwe. Mwanawe alitikisa kichwa akasema anaishi na mganga halafu mamake anakwenda kutibiwa na muuza karanga.

Jumamosi mchana mkwe akaja peke yake, na begi lake la kazi begani. Alisalimu vizuri, kama siku zote, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu ni nzuri, na maongezi yakaishia hapo. Ndivyo walivyokuwa. Hawakuwahi kugombana hata siku moja, na hawakuwahi pia kukaa pamoja wakamaliza sahani ya karanga. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye uso mtulivu. Mzaha ukitupwa mezani watu wote wakaangua kicheko, yeye alimtazama aliyeutupa, kisha akainama kwenye sahani yake.

Aliuliza ni nani ameigusa kompyuta tangu iharibike. Mama Sweta akamtaja fundi wa pembeni, akingoja maneno. Mkwe hakusema kitu juu ya fundi. Aliuliza tu kama baada ya hapo kuna aliyeendelea kuitumia, na aliposikia kwamba imekaa bure chini ya masweta, akasema hilo ni jema, maana kila kinachoandikwa juu hufukia cha chini.

Alianza kwa kutoa diski ndogo kwenye begi na kunakili kila kilichokuwemo kwenye kompyuta. Ilichukua muda mrefu. Mama Sweta alivuta kiti akaketi ubavuni kwake, karibu kuliko ilivyohitajika, macho kwenye kioo. Mkwe alimweleza taratibu huku wakisubiri. Programu ni kitu kimoja na mali ya mwenye programu ni kitu kingine, alisema. Fundi alibomoa nyumba akajenga nyingine, lakini vyombo havikuwa ndani ya nyumba. Vilikuwa stoo, na stoo hiyo ndiyo inayoitwa wasifu. Umeme ulipokatika, faili moja dogo linaloonyesha njia ya kwenda stoo lilikuwa linaandikwa. Likabaki tupu. Programu mpya nayo haikujua kama kuna stoo ya zamani, ikajichimbia yake.

"Kwa hiyo barua zipo?" Mama Sweta aliuliza.

"Zipo. Nzima kiasi gani, sijui bado."

Mama Sweta alishusha pumzi, halafu akazivuta tena, maana kuwapo kwa barua kulikuwa na pande mbili.

Mkwe aliifungua stoo. Hakufungua barua, alifanya kazi na majina ya mafaili tu, marefu na yasiyo na maana kwa mtu mwingine. Alitengeneza wasifu mpya, akahamishia humo folda za barua na kitabu cha anwani. Alipofika kwenye nywila zilizohifadhiwa akaeleza kwamba zenyewe ziko katika mafaili mawili, moja ni sanduku na jingine ni ufunguo wake, na ukihamisha moja ukaacha jingine umehamisha chuma tu. Akayahamisha yote mawili. Kisha programu ikafunguka, ikatoa kisanduku kidogo kikidai neno kuu la siri.

"Hapa ni wewe, Mama," mkwe alisema, akasogeza kompyuta upande wake.

Neno hilo Mama Sweta alilijua kama jina lake. Ndilo pekee alilolijua. Nywila za anwani yenyewe, za muuza nyuzi na za tovuti ya kukatia leseni, mwanawe alizihifadhi siku ile ya kwanza alipomwekea programu, na hakuna aliyezikumbuka. Hata kuomba nywila mpya kusingewezekana, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha ungekwenda kwenye namba ya simu iliyopotea zamani. Siku hiyohiyo ya kwanza mwanawe alimwambia achague sentensi ndefu ya kufungia zote, sentensi ambayo hataisahau na ambayo mtu mwingine hawezi kuibahatisha. Mama Sweta alichagua bila kufikiri sana. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu kabla ya harusi ya mwanawe.

Alimwomba mkwe aende jikoni akawashe jiko la chai. Mkwe akaenda. Mama Sweta akaandika kwa vidole vyote kumi, kama karani, akabonyeza. Programu ikakataa. Akaandika tena polepole, kwa kidole kimoja. Ikakataa. Herufi zilijificha kwa vidoti vyeusi, hakuona kosa. Akaandika mara nyingine kwa hasira, na mara nyingine kwa sala. Chai ikachemka, ikamiminwa, ikaletwa, na yeye bado anaandika.

Mkwe aliketi. Alisema kuna mambo mawili yanayowezekana: ama faili la ufunguo limeharibika, na hilo halina dawa, ama herufi zinaingia vibaya. Hakuna njia ya kujua ni lipi mpaka sentensi iandikwe mahali inapoonekana.

"Ni lazima?"

"Si lazima, Mama. Tukiacha hapa, barua zako za zamani utazisoma. Ila mpya hazitaingia, na kwa muuza nyuzi hutaingia."

Mama Sweta alitazama mashine zake mbili, akatazama mafungu ya nyuzi za kijani yaliyokuwa yakingoja vipimo. Aliwahi kumsikia mama yake akisema mficha uchi hazai, na siku zote alidhani ni maneno ya wakunga. Alikunja mikono kifuani akaisema ile sentensi akielekea dirishani.

"Mkwe wangu hacheki hata kidogo."

Nje mtu alikuwa anaburuta kopo la maji barabarani, likasikika mpaka lilipopita.

"Mkwe ni kwa herufi kubwa?" mkwe aliuliza.

"Kubwa."

"Na mwisho kuna nukta?"

"Ipo," alisema Mama Sweta. "Sentensi haiishi bila nukta."

Mkwe alifungua ukurasa mweupe wa kuandikia, akachapa ile sentensi yote bila kubadilisha uso. Kwenye kioo, kwa herufi nene nyeusi, ikatokea: Mwe wangu hachei hata idogo. Akaitazama. Akabonyeza kitufe cha k peke yake, mara kadhaa, hakikutoa kitu. Alichukua bisibisi nyembamba akakibandua kile kitufe kwa uangalifu, na chini yake palikuwa na donge la manyoya ya sufu ya bluu, yamekandamizwa kama godoro. Ndiyo malipo ya kuifanya kompyuta meza. Alilitoa kwa kibanio, akapuliza, akarudisha kitufe, akaandika upya kwenye kile kisanduku.

Programu ikakubali. Nywila zote zilikuwapo.

Mkwe alikuwa ameshaendelea na kazi. Faharasa ya barua, ile inayoiambia programu kila barua iko wapi, ilikuwa imevurugika. Akaiagiza ijijenge upya. Barua zikaanza kutokea moja moja, halafu makundi kwa makundi, shule baada ya shule. Mama Sweta aliona majina anayoyajua akaanza kuyasoma kwa sauti kwa furaha. Kisha akaona mengine ambayo hakuyategemea.

"Hizi nilizifuta," alisema. "Nilizifuta mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Mkwe alimweleza kwamba barua ikifutwa haiondoki palepale. Programu huitia alama ya kufichwa, na hubaki mlemle mpaka folda ibanwe ili itupe vilivyofutwa. Folda hizi hazikuwahi kubanwa. Faharasa mpya haikuziona zile alama, kwa hiyo zilizofichwa zimetoka zote.

Iliyokuwa juu kabisa ilikwenda kwa mwanawe, tarehe ya kabla ya harusi, na kichwa chake kilikuwa: Mwanangu fikiri tena. Chini yake palikuwa na jibu.

Mama Sweta alinyoosha mkono kwenye kompyuta, kisha akauacha hapohapo juu ya meza. Kitu kilichokwisha fichuka hakina haja ya kufichwa mara ya pili. Mkwe alikuwa ameinamisha macho kwenye kikombe cha chai. Alikuwa amesoma kichwa, hilo lilionekana. Mama Sweta alimtazama kwa muda, pengine kwa mara ya kwanza kwa karibu hivyo, akaona kwamba ule uso haukuwa mkavu. Ulikuwa uso wa mtu anayengoja kofi na hataki lionekane linamuuma.

"Yangu usiisome," alisema Mama Sweta. "Inatosha ulivyosikia neno la siri. Lakini jibu lake lisome. Hilo ni lako kuliko langu."

Mkwe alisita, kisha akafungua.

Mama, nimesoma barua yako mara mbili, mwanawe alikuwa ameandika. Unasema hacheki. Mimi nacheka asubuhi mpaka jioni, na hujawahi kuniona nimemaliza kitu. Ukuta wa sebuleni kwako nimeupaka nusu, unajua mwenyewe. Huyu akishika jambo haliachi. Nilipolazwa, nyie wote mlikuja mkanichekesha mkaondoka, nikawashukuru. Yeye alibaki akauliza daktari kila dawa ni ya nini. Nikiwa naye naona kama maisha yangu yana mtu mzima ndani. Usinijibu kwa hasira. Mwanao.

Wote wawili waliinua macho kwa pamoja kuutazama ukuta. Ulikuwa bado nusu.

Mkwe aliifunga ile barua. Alitoa kitambaa, akapangusa kioo cha kompyuta, halafu kwa kitambaa hichohicho akapangusa macho, akakirudisha mfukoni. Mama Sweta alijifanya anatafuta sukari.

Aliporudi na kopo la sukari ambalo hakuna aliyelihitaji, aliuliza lililokuwa moyoni mwake miaka yote, na aliuliza bila kuzunguka.

"Kwani wewe huchekagi kwa nini?"

"Nacheka, Mama. Kazini nacheka mpaka wananikemea." Mkwe alifikiri kidogo. "Hapa kwako kila mtu ana utani, na siku za mwanzo utani mwingi ulikuwa juu yangu. Nikawa nasubiri kwanza nijue kama nachekeshwa au nachekwa. Nikishajua, wenzangu wameshamaliza."

Mama Sweta hakujitetea. Alikumbuka chakula cha jioni kimoja, kisha kingine, na maneno aliyoyasema yeye mwenyewe akishangiliwa na meza nzima. Alikaa. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba ulimi wake haujawahi kuwa na mfupa na kwamba marehemu mumewe alikuwa akimwonya. Halikuwa ombi la msamaha kwa herufi kubwa, lakini mkwe alilipokea kama lilivyokuja, akaitikia kwa kichwa.

Kisha mkwe akauliza zile barua zilizofufuka azifanyeje. Mama Sweta alijibu kwamba zile alizoandika yeye kabla ya harusi zifutwe na folda ibanwe, zisibaki hata alama. Za mwanawe ziachwe. Za mdogo wake ziachwe pia, akasema, ila akikutana na jina lake humo apite tu kama anavyopita mtu kwenye kelele za soko. Mkwe akasema hatapita humo kabisa. Akabana folda, akaunganisha anwani, na barua mpya zikaanza kuingia. Mwalimu mkuu wa masweta ya kijani alikuwa ameandika mara mbili, ya pili akiuliza kwa adabu kama mama bado anafuma au ameacha.

Walikaa mpaka jua likashuka, Mama Sweta akisoma vipimo na mkwe akivichapa kwenye jedwali moja, darasa kwa darasa, ili safari hii kuwe na nakala mahali pengine. Mwisho, Mama Sweta alisema anataka kubadilisha neno kuu. Mkwe akainuka bila kuambiwa, akatoka nje akasimama barazani, akampigia mumewe simu. Alisikika akimwambia kazi imekwisha, na kwamba kesho aje na ndoo ya rangi na ngazi, asije na mdomo mtupu. Halafu akacheka, kicheko kizito kisichofanana na umbo lake, na Mama Sweta, vidole juu ya herufi, akasahau alichokuwa anaandika ikambidi aanze upya.

Masweta yalikwenda. Shule moja iliyapata baada ya kufungua, ikalalamika kidogo, ikalipa. Kila mwisho wa mwezi mkwe alikuja na ile diski yake kufanya nakala, na kwa kuwa kunakili kunachukua muda, walizoea kukaa. Si kwamba waligeuka marafiki wa chanda na pete. Bado kulikuwa na siku za kimya. Mama Sweta bado aliropoka, na siku akiropoka mkwe alimwambia palepale, "Mama, hilo limenipata," na mama akasema "Basi nimelirudisha," mambo yakaendelea.

Mdogo wake aliyeko mbali ndiye aliyeona tofauti. Aliandika akiuliza kuna nini, mbona siku hizi habari za mkwe hazimo, kwani amehama. Mama Sweta alisoma hiyo barua akiwa anakula, akamjibu kwa salamu, mwili na hitimisho kama kawaida yake. Alieleza habari za mguu na za jirani. Juu ya mkwe aliandika mstari mmoja tu, kwamba ni mzima, jana alikuwa hapa, na kwamba wamekubaliana amfundishe mkwe huyo kuendesha mashine ya pili, kwa sababu maagizo yamekuwa mengi na yeye peke yake hawezi.